Barua ya Salma na Posa Isiyopelekwa

Siku moja naikumbuka, mwanangu, utadhani nimeiamkia leo. Nimekaa kitandani, chumba chetu cha Hayes, kule ughaibuni, barua ya Salma mkononi. Salma alikuwa mpenzi wangu, kwetu Wete. Mimi nilitoka baada ya mapinduzi, yeye akabaki. Barua zake zilipitia kwa jamaa yetu Mombasa, maana za moja kwa moja zilifunguliwa njiani. Zilifika zimechakaa, lakini bado zinanukia udi; alikuwa akizifukiza kabla ya kuzitia bahashani.

Nilizisoma mpaka mikunjo ikakatika. Nasoma kwenye basi nikienda kazini, nasoma chooni, nacheka peke yangu. Upumbavu mtupu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Chumba kile nilikaa na Mzee Makame, mtu wa Chake, mpishi wa kantini ya uwanja wa ndege.

"Kila siku barua hiyo hiyo," akaniambia. "Kwani inasema nini?"

Nikamsomea. Salma ananiota, anaisikia sauti yangu barazani. Na chini kabisa, mstari mmoja: baba yake kaletewa posa na mtu mwingine, anauliza wazee wangu watakwenda lini.

Mzee Makame akaweka kijiko chini. "Na wewe umemjibu nini?"

Nilimwandikia kurasa nne za mahaba. Nimemsifu macho, nimemsifu mwendo. Ya posa sikuyagusa, nikiona kupendana kwetu kunatosha.

"Baba mtu hasomi mahaba yako," akasema. "Yeye anangoja watu mlangoni kwake. Mwandikie ami yako sasa hivi."

Niliandika. Ami alipofika kwao, alikuta masufuria ya walima yanaoshwa, binti keshaozwa yule mwingine. Salma hakuniandikia tena. Mume yule alimtesa, na uzazi wa kwanza ukamuua. Habari ya maziko yake ilikuja kwa barua ya ami. Ile niliisoma mara moja tu.

Basi na wewe, unayelala na simu kifuani ukirudia ujumbe wa binti wa watu, soma, ufurahi, sikukatazi. Lakini akikuuliza jambo, mjibu hilo kwanza, utamu utafuata. Na kama unamtaka kweli, niambie, viatu vyangu viko mlangoni. Mungu akujaalie mtu wa kukungoja, mwanangu, na akujaalie umuwahi.