Mwanamke Asiye na Miguu

Ukutani mwa nyumba ya shangazi Yustina, huko Nyakatuntu, kuna mwanamke aliyechorwa bila miguu, na ukoo mzima unaisubiri miguu hiyo.

Nilitumwa kwa sababu ya mwanawe, Deusi, anayetaka mama yake ahamie kwake Mwanza. Kila akimpigia simu, mama hujibu: "Jibu nalipaka ukutani." Mwisho Deusi akaniomba, "Dada, nenda ukaone."

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Rugu kwa bodaboda. Omurushaka nikapanda gari la abiria. Simu ya Deusi ikalia: "Umefika?" Tulipofika Kimuli mvua ikatusimamisha. "Umefika?"

Saa saba mchana nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mpelelezi wa Deusi, karibu!"

Mikono yake ilijaa majivu na samadi. Kila baada ya mavuno ya kahawa husiliba kuta. Safari hii ameongeza picha. Upande mmoja kuna kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, na kaburi la mumewe. Upande wa pili kuna ziwa la Mwanza ambalo hajawahi kuliona, samaki wakubwa kuliko basi. Katikati ni barabara ya udongo mwekundu, na mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, uso ametuelekezea sisi.

"Anakwenda au anarudi?"

"Wewe uliyesoma, niambie."

"Na miguu?"

"Tunapaka kutoka juu kwenda chini. Ukianza na miguu, tope la juu litaidondokea."

Nilimtumia Deusi picha. Akapiga palepale: "Anakuja! Anatuletea ndizi!"

Jirani, Mama Odeta, akacheka. "Mkungu mzima kwenye basi? Huyo anarudi kwake."

"Gombaneni tu," shangazi alisema.

Jioni, tukimenya ndizi, aliniambia taratibu: "Nikilichora ziwa, nashinda huko, hata upepo wake nausikia. Nikiligeukia kaburi la baba Deusi, najiuliza nani atalipalilia."

Asubuhi nilirudi Rugu mikono mitupu. Nilikwenda nikidhani anakwepa swali. Kumbe kila siku, tope mkononi, anakwenda Mwanza na kurudi, akijipima kama ataweza.

Jana Deusi alimnunulia kitanda. Nyakatuntu mvua haijakatika, na ukuta, chini ya gauni la yule mwanamke, bado mbichi.