Mzaha Ulioingia Kwenye Faili la Tansy

Clifford Sugden aliendesha basi mjini Keighley miaka thelathini na moja, na abiria aliyepanda amenuna alishuka ana tabasamu. Hakuweza kuvumilia ukimya, maskini. Alipoukuta aliujaza kwa mzaha wowote uliomjia mdomoni.

Mkewe Enid alipofariki alimwachia Tansy, mbwa jike mdogo mwenye manyoya magumu kama brashi, pamoja na bima ya matibabu ya mbwa huyo. Clifford aliilipa kila mwezi, hata miezi ya baridi aliyokaa ndani na koti ili asiwashe hita. Ilianza pauni kumi na nane. Tansy alipofika miaka kumi na moja ikawa sabini na nne, maana kampuni hizi hupenda wanyama wachanga na wenye afya. Mwezi wa sita akahamia kampuni iliyotaka thelathini na tisa tu, akajiona mjanja.

Oktoba Tansy akagoma kula. Ni figo, akasema Daktari Bethan, msichana mpole aliyemtibu tangu mwaka jana. Siku tano za dripu, pauni elfu tatu na mia sita, na huenda akapona. Clifford akashusha pumzi, kwani bima ilikuwepo.

Kesho yake kampuni ikakataa. Haikulipia ugonjwa ambao mnyama alikuja nao, na faili la kliniki la Aprili, siku ya chanjo, miezi miwili kabla hajahama, lilisema: mwenye mbwa anaeleza kwamba mbwa anakunywa maji mengi kuliko kawaida. Hiyo ni dalili ya figo.

Clifford alikumbuka vizuri. Bethan alikuwa kimya akivuta dawa kwenye sindano, Clifford akamwambia kwamba Tansy anakunywa kumshinda yeye mwenyewe akiwa baa siku ya Ijumaa. Ulikuwa utani mtupu. Alimweleza hivyo mtu wa kampuni mara tatu kwa simu, na mtu yule, kwa adabu zote, hakutikisika. Benki nayo haikuwa tayari kumkopesha mzee wa miaka sabini na tisa. Akiba yake ilinunua siku mbili za dripu, na siku ya tatu Tansy hakuinua kichwa.

Bethan aliingia macho mekundu. "Mzee Sugden, nisamehe. Mimi ndiye niliyeandika."

"Uliandika nilichosema, binti yangu. Nilikuwa natania tu."

"Nilikuuliza kama tumpime damu siku ile. Ukacheka."

Ndipo Clifford akakumbuka jambo. Bakuli la maji la Tansy, ambalo enzi za Enid lilijazwa asubuhi tu, yeye alikuwa akilijaza mara tatu kwa siku tangu mwaka mpya.

"Alikuwa anakunywa kweli," akasema. "Nilikuwa nakwambia ukweli, na mwenyewe sikujua."

 Kama angekubali kipimo kile Aprili, bima ya zamani ingelipa kila senti. Akaweka mkono kichwani mwa Tansy, akamwomba radhi, kisha akamwambia Bethan amchome sindano ya mwisho.