Ubao Uliokatwa kwa Ajili ya Kila Mteja

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya samani karibu na Sonatubes, Kapita, yaani msimamizi wetu, hakunikabidhi randa wala msumeno. Alinionyesha ubao mmoja uliosimamishwa nyuma ya mlango, umekatwa upande mmoja, akaniambia nisiuchanganye na nyingine. Useremala nilikuwa nimejifunza peke yangu kwa video za simu, na niliogopa kuonekana sijui. Sikuuliza ni wa nini.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, najua miaka ishirini na saba si umri wa kuandika kumbukumbu, na pale nilikaa minne tu. Lakini nikisubiri mvi, watu wataendelea kuibiwa.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja akiagiza kabati, alilipa avansi, nusu ya bei ya kutanguliza ili tununue mbao. Mbao zenyewe zilikuja baada ya wiki mbili. Akighairi kabla ya hapo, alikuwa na haki ya kurudishiwa pesa yake yote, maana hakuna kilichonunuliwa. Hapo ndipo Bosi, mwenye karakana, alipoagiza ubao ule uletwe, nami niliuleta. Mteja alionyeshwa mahali msumeno ulipopita, akaambiwa kwa upole kwamba kazi yake imeshaanza na pesa hairudi. Wengi waliupapasa, wakaguna, wakaenda zao.

Nakiri kwamba niliuleta mara nyingi. Mimi niliyerudia kiungo mara tatu kwa ajili ya milimita moja, niliyekosa usingizi kwa sababu droo inakwaruza, niliushika uongo ule wima na hata kuufuta vumbi.

Kisha akaja Mama Keza, muuza nguo wa Ndera. Aliagiza kabati la libuyu, ile mbao nyekundu ya Kongo. Siku tatu baadaye mwenye nyumba akamtaka ahame. Alipata vyumba viwili Kagarama, lakini ilimpasa alipe kabla ya Ijumaa, na pesa aliyokuwa nayo ni ile avansi tu. Akirudi mikono mitupu, yeye na watoto hawana pa kulala.

Bosi alimsikiliza, akampa pole, akaagiza ubao.

"Huu umekatwa kwa pesa yangu?" Mama Keza akauliza.

"Kwa pesa yako, mama," Bosi akajibu.

"Basi ni wangu. Niitieni pikipiki, niubebe."

Kapita alicheka, akataka kujua kama atauvaa au atauuza na nguo zake. Bosi akasema mbao haitoki karakana, ndiyo sheria. Sheria ya nani, hakusema.

"Pesa yangu iko kwako, mbao yangu iko kwako," Mama Keza akasema. "Mimi nabaki na nini, risiti?"

Bosi akanigeukia. "Mwambie, wewe uliyeupima."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisukumwa na haki. Kwa kweli, kilichonishinda kwanza ni kosa la kifundi.

"Huu ni mkaratusi," nikasema. "Yeye aliagiza libuyu. Na libuyu yake bado haijanunuliwa."

Wateja wawili waliokuwa wakijaribu viti walisimama kusikiliza. Bosi akatoa simu na kumtumia Mama Keza pesa yote mbele yao, bila kumtazama. Mama Keza alisubiri ujumbe uingie, akausoma mara mbili. Ndipo akaniangalia.

"Asante, mwanangu. Ulikuwa unajua tangu lini?"

Kapita alinisindikiza hadi barabarani. "Sha, kijana, fundi wa simu, rudi kwenye simu yako. Hapa umemaliza."

Sasa nina kibanda changu Kagarama. Avansi ya mtu siigusi mpaka twende wote kununua mbao. Hasira haijaisha, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe, kwa wale wote niliowanyamazia.

Juzi fundi mmoja wa pale alinitembelea. Aliniambia ule ubao walishauchoma kama kuni. Nyuma ya mlango sasa ziko mbao tatu: wa mkaratusi, wa msonobari na wa libuyu, kila mmoja umekatwa vizuri na una alama za penseli. Kasoro niliyoitaja mbele ya watu, wameirekebisha.