Bango Nyuma ya Mgongo Wangu

Majira mawili ya baridi nililinda mlango wa duka la dawa katikati ya Johannesburg. Nyuma ya mgongo wangu palibandikwa bango: "Jikinge na mafua. Chanjo ipo humu ndani." Mzee wa kwenye bango alikuwa anacheka meno yote nje. Bila shaka hajawahi kusimama mlangoni mwezi wa Juni, baridi ya huku inapouma.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko, kunyunyizia watu dawa ya mikono na kukoholewa usoni. Baridi ya kwanza niliugua majuma mawili, nimelala chumbani kwangu Jeppestown, pumzi naitafuta. Kampuni yangu ya ulinzi ilinipa pole ya aina yake: nikiugua tena, nafasi yangu atapewa mwenye mapafu mazuri zaidi. Basi baridi ya pili niliitaka ile sindano kama mgeni anavyotaka kibali cha kuishi.

Ikaja siku ya wafanyakazi kuchanjwa bure. Msimamizi wa duka alinituma nikawaite mmoja mmoja. Nikawaita wote, wa kaunta, wa stoo, hata mama wa usafi. Wa mwisho alipotoka akijishika bega, nikakunja mkono wa shati.

"Eish, baba," msimamizi akasema, "wewe si mtu wetu. Ulizia kwenye kampuni yako."

Nikapiga simu kampuni. "Hao wagonjwa wanaokukoholea ni wa duka," wakanijibu. "Duka likuchanje."

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi sikuwa hata kinyozi, nilikuwa sehemu ya mlango.

Nikaamua kujilipia. Siku yangu ya mapumziko nikavaa suti ya kanisani na viatu vya kung'aa, maana sisi Wakongo hatuendi ovyo hata kuchomwa sindano. Mwenzangu wa zamu, Mkongo kama mimi, akanipigia saluti. "Patron, bosi wangu, ingia tu, foleni iko huku." Alinijua vizuri, mshenzi yule.

Nesi hakunijua, ingawa nilikuwa namfungulia mlango kila asubuhi. Alizoea kuniona na kofia na barakoa. Jina langu kwenye fomu nalo halikumwambia kitu, kwa sababu mle ndani wote waliniita "Security". Akanipangusa mkono kwa upole, akachoma.

"Umefanya vizuri, bwana," akasema. "Si kama yule askari wetu wa mlangoni. Anakohoa mbele ya wateja kila siku, na chanjo iko hatua kumi tu kutoka aliposimama. Watu wengine hawajipendi."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikavaa koti langu polepole.

"Nitamwambia," nikasema.

Kesho yake asubuhi nikamfungulia mlango kama kawaida. Akapita bila kunitazama. Nikakohoa, kwa makusudi.