Niliongeza Nyuzi Nne, Shangazi Yangu Akaitwa Mwongo

Jamani, msinifariji. Nimechoka kufarijiwa! Kila ninayemsimulia jambo hili ananiambia, "Ah, ni bahati mbaya tu, kila mtu hukosea." Bahati mbaya gani? Nilikosea kwa kiburi, nikanyamaza kwa woga, na aliyeumia ni shangazi yangu. Leo naandika bila jina kwa sababu chuo bado sijamaliza. Huo nao ni woga, najua.

Nasoma stashahada ya vipimo vya kielektroniki na udhibiti wa mitambo hapa Tabora mjini, nimepanga chumba Ipuli. Kwa lugha nyepesi, tunafundishwa vifaa vinavyopima joto na mgandamizo kiwandani, na visanduku vya umeme vinavyoamua hita iwake lini na izime lini. Ni somo zuri sana. Wabovu ni sisi tunaolisoma. Na wanaotufundisha, nao siwaachi!

Mwaka wa kwanza tulipewa jaribio la kuhakiki kihisi joto, kile kijiti cha chuma kinachozamishwa kwenye kitu ili kukipima joto. Unakitia kwenye maji yanayochemka, unasoma namba. Mimi nilisoma tisini na sita, nikaandika tisini na sita. Mkufunzi akaichora mkasi mwekundu, alama ya kukosa.

"Maji yanachemka nyuzi mia, binti. Rudia."

Nikarudia. Tisini na sita. Nikachungulia kwa wenzangu, wote wameandika mia! Jirani yangu akanicheka: "Kwani wewe unasoma kifaa? Kifaa chenyewe kibovu hicho. Pika data, dada, tukale."

Nikapika. Nikapata maksi zote.

Toka hapo nikawa bingwa wa kupika. Tulikuwa tunaanza na jibu, halafu tunarudi nyuma kuunda vipimo, tukitia na kasoro ndogondogo za uongo ili vionekane vya kweli. Waliotufuata walikuja chumbani kwangu niwaelekeze. Niliwaelekeza, tena kwa maringo.

Sasa sikilizeni linalonichoma. Jibu nilikuwa nalo! Tabora iko juu, na ukiwa juu mgandamizo wa hewa hupungua, maji yanachemka kabla ya kufika mia. Kifaa cha chuo kilikuwa kizima kabisa. Sura hiyo niliisoma, nikaulizwa kwenye mtihani, nikajibu vizuri. Haikunijia hata mara moja kwamba kitabu kilikuwa kinazungumzia sufuria iliyo mbele yangu. Msomi huyo!

Likizo moja nikaenda kijijini kwetu, upande wa Nzega. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mtunza tangi wa kikundi cha akina mama cha maziwa. Wanakusanya maziwa kwa wafugaji, wanayachemsha kwa kiasi kwenye tangi la umeme, wanafunga kwenye mifuko na kuuza mjini. Tangi lina kihisi na kisanduku chake. Joto likifika panapotakiwa, kisanduku kinalishikilia hapo mpaka muda utimie, kengele inalia, ndipo shangazi anafungua bomba. Kazi aliipenda. Alikuwa anaingia mle ndani na kanga safi kama anakwenda ibadani.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti kubwa, akasema: "Mtoto wetu anasoma mambo haya haya. Hebu atuangalizie kifaa kama kiko sawa."

Nani alikuwa na kifua kama changu siku ile! Nikaagiza sufuria ya maji na jiko la mkaa. Chuoni tunatakiwa kupima na barafu pia, lakini barafu ingetoka wapi, nikairuka. Nikazamisha kihisi kwenye maji yanayotokota, wote wamenizunguka. Kisanduku kikasema tisini na sita.

"Mnaona?" nikawaambia. "Kinadanganya. Kimepungukiwa nyuzi nne."

Nikabonyeza vitufe, nikaongeza nne. Kikasoma mia. Wakapiga vigelegele! Shangazi alilia kwa furaha, akawa anawaambia wenzake, "Mtoto wa kaka yangu huyo." Nikapewa kuku. Nikamla.

Mnaelewa nilichofanya? Kifaa kilikuwa kinasema kweli, mimi nikakifundisha uongo. Toka siku hiyo kikawa kinatangaza joto limefika, na maziwa yenyewe bado yako nyuzi nne chini. Kengele inalia, maziwa hayajaiva.

Haukupita muda, wateja wakaanza kulalamika kwamba maziwa yanachacha kabla ya jioni. Shangazi akanipigia. Nikamjibu kwa mkato: "Osheni ndoo vizuri, shangazi." Akasema, "Haya mwanangu." Akaanza kuziosha ndoo mara mbili, mikono yake ikababuka kwa sabuni.

Kisha mkaguzi akaja, akachukua maziwa, akapima. Majibu yakarudi kwamba hayajafikia joto linalotakiwa. Kikundi kikasimamishwa kuuza. Mkutano ukaitishwa, na swali likawa moja tu: nani alikuwa anashika tangi?

Walimwambia anafungua bomba mapema ili awahi kwenda shambani kwake. Akasema, "Nasubiri kengele ilie." Wakamwambia kifaa kimehakikiwa na msomi, tena mtoto wake mwenyewe, sasa kama kifaa ni kizima, mwongo ni nani? Elimu yangu ndiyo waliyomchapia!

Mwenyekiti akanipigia palepale mkutanoni. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba changu nafua.

"Shikamoo mama mwenyekiti."

"Marahaba. Mwanangu, kile kifaa ulichotutengenezea, una hakika nacho?"

"Asilimia zote, mama."

"Kwa hiyo kosa si la kifaa?"

"Haliwezi kuwa la kifaa. Labda anayekitumia."

Labda anayekitumia! Nilisema hivyo, nikaendelea kufua.

Wakamtoa kwenye kikundi, na tangi likabaki limezimwa kwa zuio la mkaguzi. Mwaka huohuo nikapelekwa Dar kwa mafunzo ya vitendo, kiwanda kimoja cha vinywaji. Siku za mwanzo tu nikapewa kihisi nikihakiki kwenye maji ya moto. Nikakizamisha, nikaangalia. Mia. Nilikuwa nimeiandika mia mara zisizo na hesabu, na sijawahi kuiona kwa macho yangu! Nikasimama pale nimeduwaa. Msimamizi akauliza, "Vipi, hujawahi kuona maji yakichemka?" Dar iko usawa wa bahari. Hapo ndipo ile sura ya kitabu iliponirudia, pamoja na lile tangi la kijijini.

Hapohapo ningepiga simu. Simu ilikuwa mfukoni, na salio lilikuwepo! Sikupiga. Ile kazi ya kijijini nilikuwa nimeiandikia ripoti chuoni, na mkufunzi yuleyule alinisifia mbele ya darasa. Nikajiambia nikimaliza nitasema. Nikajiambia shangazi ameshazoea. Nikajiambia upuuzi wa kila aina, nikala, nikalala, miezi ikapita.

Nilirudi kijijini Krismasi. Kanisani shangazi alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye miaka yote alikuwa mbele na kwaya. Mama mmoja wa kikundi akapita, akatusalimu sote, yeye akamruka. Shangazi akainamisha kichwa kama mtu aliyezoea. Hapo ndipo nilipojichukia kikweli.

Kesho yake nikamwomba mwenyekiti awaite. Nikachemsha maji mbele yao, nikaondoa zile nyuzi nne nilizoziongeza, nikaeleza yote, mpaka simu ile. Nilikuwa nataka wanitukane. Wapi! Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Basi, hayo yameshapita. Mama arudi kwenye tangi, tuendelee." Yameshapita! Walimfukuza kwa kelele, wakamrudisha kwa kukohoa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia samahani, na mimi niliyewapa fimbo nitamkasirikia nani?

Shangazi akasema hatarudi. Akachukua mtandio wake, akatoka. Nikamfuata mpaka nje, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia, "Shangazi, sikujua. Kile kifaa sikukielewa."

Akageuka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Siku ile ulipopigiwa, simu ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa sauti, sote tunakusikia," akasema. "Kifaa hukukijua, sawa. Na mimi je, mwanangu? Mimi ulikuwa hunijui?"

Akaondoka.

Bado ananipokea. Nikifika ananipikia, ananiuliza habari za masomo. Lakini wageni wakija, hasemi tena kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake. Anasema, "Huyu ni mwanafunzi, ametokea mjini."

Ninyi mnaopika data sasa hivi, mnaosoma hapa huku mnacheka, andikeni mnachokiona! Mkufunzi akikupiga mkasi, mwambie aje achungulie mwenyewe, na akikufelisha, feli. Mimi nilifaulu. Na siku ukiulizwa nani mwongo kati ya chombo ulichokihakiki mara moja na mtu aliyekulea, usijibu huku unafua nguo. Acha nguo, simama, panda gari uende.