Kijana Niliyewapelekea Waitaliano

Swali ninaloulizwa sana viwanjani ni hili: "Wako ni yupi?"

Huulizwa kwa wema. Mzazi aliyeshika kikombe cha kahawa anaona mtu mzima amesimama peke yake karibu na kibendera cha kona, koti limefungwa hadi shingoni, naye hadhani jingine ila kwamba nina mtoto anayecheza. Mimi hujibu, "Leo hakuna wangu." Yeye hucheka kidogo, husubiri nieleze, na nisipoeleza hurudi kwa wenzake, kwenye harufu ya soseji na vitunguu.

Sielezi kwa sababu nimejua kinachofuata. Wazazi wakishajua umekuja kutafuta wachezaji, watoto huacha kucheza mpira wakaanza kukuchezea wewe. Baba hukuletea kiti. Mama hukuuliza kama una kinywaji. Ndiyo maana mimi husimama mbali, na kwa miaka hii yote ya Jumamosi nimezunguka Sydney nzima bila kupata mtu wa kumwambia, "Umeona pasi ile?"

Mimi ni mtu wa Malindi. Waitaliano ni wengi kule, na sisi vijana tulijifunza lugha yao hotelini na sokoni, bila mwalimu. Mchana nilikuwa mhudumu wa meza, jioni winga. Hoteli ndiyo iliyonipeleka Italia, mpira ndio ulionibakisha. Nilifundisha vijana katika klabu ndogo ya kaskazini, mahali ambapo ukungu ukishuka humwoni kipa wa upande wa pili. Kisha mke wangu, ambaye ni nesi, akapata kazi Sydney, tukahama na binti yetu. Ndoa haikudumu huku. Hatukugombana. Kila mmoja alikuwa na zamu zake, tukazoea kuachiana chakula kwenye friji, hata ikawa hatuna la kuambiana. Binti amekua, yuko Melbourne. Nikimpigia nikasema Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kama anayemjibu jirani. Mimi nimebaki Merrylands, ghorofa ya pili, na siku za kazi naendesha folklifti, gari la kuinulia mizigo, ghalani.

Mwenzangu wa ile klabu ya ukungu alipanda ngazi hadi akawa mmoja wa wanaowasaka vijana wa timu ya taifa ya Italia. Siku moja akanipigia. "Huko kwenu kumejaa wajukuu wetu," alisema. "Nitazamie." Alisema "kwenu" akimaanisha Australia, nami sikumsahihisha.

Basi nikawa natazama. Mabao siyatazami sana. Namtazama kijana akipoteza mpira: anainua mikono kumlaumu mwenzake, au anageuka kuukimbilia? Natazama shingo. Mchezaji mzuri huchungulia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, tena bila kuambiwa. Wengi niliowaona walikuwa na majina ya Kiitaliano na miguu ya kawaida. Nilipiga simu kule mara chache, na kila mara mwenzangu alitazama video akasema, "Mzuri, lakini hatoshi."

Huyu nilimkuta Quakers Hill, asubuhi ya baridi ambayo nyasi zilikuwa bado nyeupe kwa umande ulioganda. Kiungo mkabaji, mrefu, miguu myembamba, umri wa miaka kumi na sita. Dakika za mwanzo sikumjali, nilikuwa nimekuja kumtazama winga wa timu pinzani. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikipiga kelele kwa Kiitaliano: "Tazama nyuma! Nyuma yako, mwanangu!"

Hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi. Hata yule kijana hakugeuka, kwa kuwa hakuelewa, lakini alikuwa ameshachungulia zamani. Alimwacha mpinzani aliyekuja kumkaba apite hewani, akageuka, akapiga pasi ya chini iliyokata uwanja mzima. Nilicheka kwa sauti. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, amejifunika blanketi mpaka kifuani, akanikazia macho.

"Wewe umenielewa?" aliniuliza kwa Kiitaliano.

"Nimekuelewa, mama."

"Wa wapi wewe?"

"Malindi. Kenya."

Alinitazama tena, juu hadi chini, kisha akavuta blanketi pembeni na kugonga kiti kilichokuwa wazi karibu naye. "Kaa. Yule namba sita ni mjukuu wangu."

Nilivunja sheria yangu, nikakaa. Bibi hakunyamaza hata kidogo. Alimsema refa, akaisema baridi, akanisimulia kijiji chao kilichoko mlimani, na kila alipomaliza jambo aliushika mkono wangu kuhakikisha bado nipo. Binti yake, mama wa yule kijana, alirudi na chai akatukuta hivyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?" Nikamfasiria. Akatabasamu, lakini niliona limemgusa kwamba mtu wa kupita njia ndiye anayemfasiria mama yake.

Niliwaeleza kilichonileta, nikampiga kijana video. Ilipofika Italia, mwenzangu hakusema "hatoshi". Aliirudia, kisha akauliza, "Ana haki ya pasipoti?"

"Bibi yake amezaliwa huko."

"Anajua Kiitaliano?"

"Hata salamu hajui."

"Mfundishe. Tukimwita kambini asije akasimama kama mti."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda nyumbani kwao kila Alhamisi jioni. Kijana alikuwa msikivu. Sikumfundisha sarufi, nilimfundisha maneno ya uwanjani, tukiwa jikoni, chumvi na pilipili zikiwa mabeki na kopo la nyanya likiwa kipa. Nilimwambia akisikia wenzake wanasema "uomo", ajue kuna mtu mgongoni mwake, aachie mpira upesi. Akisikia "solo", ajue hana mtu karibu, atulie.

"Kwa hiyo solo ni peke yangu?"

"Ndiyo. Uko peke yako."

"Na hilo ni jambo zuri?"

"Uwanjani, ndiyo," nilimjibu, naye akaliandika kiganjani kwa kalamu.

Bibi alikuwa akikaa nasi akimenya maharage mabichi. Kiingereza chake kilikuwa kimeanza kumtoka. Alikisema vizuri alipokuwa akifanya kazi kiwandani, ila uzeeni kinadondoka neno moja moja, na rafiki zake wa kuongea nao lugha yake walikuwa wameshazikwa. Jioni moja nilimuuliza mbona hakumfundisha binti yake.

"Shuleni walimcheka," alisema. "Alirudi analia, kisa mkate niliomfungia na jina nililompa. Nikasema basi, humu ndani ni Kiingereza tu. Nilikuwa na Kiingereza cha kununulia nyama, ndicho nilichomlelea mtoto."

Binti yake alikuwa anaosha vyombo, ametugeuzia mgongo. Akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema juu ya shule yako ya zamani." Hakuuliza zaidi.

Kijana aliitwa kambini mwaka uliofuata, mwanzo wa kiangazi cha kule. Uwanja wa ndege nilikwenda, nikasimama nyuma kidogo ya jamaa zake. Alipomaliza kuwakumbatia wenyewe alinifuata akanipa mkono, kisha akabadili nia akanikumbatia na mimi. "Asante, kocha," alisema kwa Kiitaliano, matamshi ya bibi yake kabisa. Kambi ilipokwisha mwenzangu alinipigia: wamemchukua, na kuna klabu inayotaka abaki huko katika timu yake ya vijana, apate malazi na shule. Mama mtu alifikiri siku kadhaa, akakubali. Mimi nilifurahi mno hata nikasimama ghalani katikati ya mashelfu, sina wa kumwambia. Nikamwambia kijana wa zamu yangu, naye akasema, "Safi sana, mzee," akarudisha vidude vyake masikioni.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimeshavaa viatu nikakumbuka kwamba hakuna wa kufundishwa. Nilimpigia mama yake, nikitumaini atasema njoo tu. "Umetufanyia mengi," alisema. "Huna haja ya kuja tena mbali hivyo. Pumzika sasa." Alisema kwa roho safi, wallahi. Akaniletea biskuti kwa posta, kopo zuri lenye picha ya mnara wa kengele.

Nilifikiri kwenda kumjulia hali bibi, lakini nitakwenda kama nani? Mwalimu ana sababu ya kubisha hodi, na mtu mpweke anayepita tu hana. Nikawa nakaa nyumbani Alhamisi. Jirani yangu wa chini, mama wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alinikuta ngazini.

"Papa, habari ya masiku? Siku hizi hautoki tena jioni?"

"Niko tu, mama."

"Haya. Mimi nakimbilia kazi, wazee wananingoja." Akashuka mbio, beji ya nyumba ya wazee anakofanya kazi ikimgonga kifuani. Mazungumzo yetu hayajawahi kuzidi hapo, na bado kuna majuma ambayo hicho ndicho Kiswahili changu chote.

Wiki nyingi zilipita. Kisha mama wa kijana akapiga simu. Mwanawe amepangwa katika mechi ya kirafiki ya vijana wa taifa, itaonyeshwa kwenye mtandao; kule asubuhi, kwetu jioni. "Mama ananisumbua," alisema. "Anataka uje. Na mimi nataka kuelewa mtangazaji anasema nini."

Tulikaa watatu mbele ya kompyuta, mimi katikati. Kijana alianza benchi. Walipomwonyesha amevaa jezi ya buluu, bibi alisema, "Amekonda," akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Aliingia kipindi cha pili. Mpira wake wa kwanza aliupoteza. Nilishika magoti. Hakuinua mikono, aligeuka akaukimbilia, akaunyakua tena kwa ncha ya mguu, akatoa pasi. Mtangazaji akasema kijana huyu ametoka upande wa pili wa dunia, nami nikamfasiria mama yake. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta.

Mechi ilikwisha sare. Mama mtu alitoka nje kumpigia mwanawe simu. Bibi akabaki anatazama kioo cheusi.

"Atarudi?" aliniuliza.

"Atakuja likizo, mama."

"Sikuulizi likizo."

Akaendelea, "Mimi nilimwambia mama yangu nakwenda kwa muda. Na wewe, umerudi kwenu?"

"Bado."

Akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya akohoe. "Bado! Hilo nililisema mpaka mume wangu akafa."

Nilitaka kucheka pamoja naye ikashindikana. Akanishika mkono kama siku ile ya baridi, tukakaa hivyo.

Binti yake aliporudi alitukuta vivyo hivyo. Alisimama mlangoni na simu mkononi, akasema mtoto amepatwa na aibu kwa sababu wenzake wanamwambia anaongea kama bibi wa kijijini. Kisha, bila kunitazama usoni, akaniuliza kama naweza kuja tena Alhamisi. "Mara hii kunifundisha mimi," alisema. "Nimechoka kuuliza anasema nini."

Ni mwanafunzi mgumu kuliko mwanawe. Anataka kujua kwa nini, na akikosea hukasirika. Nilianza naye na maneno ya nyumbani: umelala vizuri, unaumwa wapi, fungua dirisha. Mwanzoni alimwambia mama yake huku akinitazama mimi, kama mtu anayepiga penalti huku amefumba macho. Polepole akaanza kumtazama mwenyewe.

Kijana bado yuko kule. Amekaa benchi msimu mzima, sasa ameanza kupangwa. Mungu akipenda atafika mbali, au hatafika. Mwenzangu ameniambia nitafute beki wa kushoto, na Jumamosi nimerudi kwenye vibendera vyangu vya kona.

Alhamisi iliyopita nilikuta sufuria ya supu jikoni. Mama wa kijana alionja, akasema kwa Kiitaliano kibovu kwamba chumvi imezidi. Bibi akasema haijazidi. Mama akasema imezidi, daktari amekataza. Bibi akamwambia daktari hajui kupika, na mama, ambaye zamani angegeuka kuniuliza, alielewa, akajibu palepale, akikosea kila kitenzi. Nilisubiri wanihitaji. Walipandisha sauti, wakacheka, wakapandisha tena. Nikachukua koti langu kwenye kiti nikaaga. Hawakusikia. Nikaurudisha mlango taratibu usibamizike, nikakaa garini muda kidogo kabla ya kuwasha injini.