Kilomita ya Salina

Barnaba Kisang Cheserek alistaafu kazi ya upimaji wa barabara katika Wizara ya Ujenzi tarehe 30 Juni 1993, na barua yake ya kustaafu, ambayo mkewe ameitia kwenye fremu na kuitundika juu ya redio, inasema kwamba kwa miaka ishirini na sita alipima kilomita 2,114 za barabara bila kosa lolote lililoripotiwa.

Ukocha ulimjia kwa sababu ya mawe. Mwaka aliostaafu, vijana wawili majirani zake walimwomba awapimie mahali pa kukimbilia. Akachukua gurudumu lake la kupimia, akalisukuma siku mbili kwenye barabara ya vumbi inayotoka Bugar, ikateremka kuelekea Moiben, ikazunguka mashamba ya ngano na kurudi. Kila kilomita aliweka jiwe, akalipaka chokaa. Mawe thelathini na nane. Vijana wakawa sita, kisha kumi na wawili, na kwa kuwa lazima mtu asimame kwenye jiwe la mwisho na saa mkononi, alisimama yeye. Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia mbio zozote maishani, isipokuwa za kufukuza ng'ombe waliovunja ua. Lakini namba alizijua, na wakimbiaji wanapenda mtu ambaye namba zake hazina hisia. Baada ya miaka miwili hakuna aliyekumbuka jina lake. Alikuwa Kocha.

Mwaka 1999 kundi lake lilikuwa na wanaume kumi na tisa na mwanamke mmoja, na huyo mwanamke ndiye aliyeitwa katika timu ya taifa. Salina Jeptanui, umri miaka ishirini na minane, mama wa mtoto mmoja, angekimbia maratoni ya dunia mwishoni mwa Agosti, katika jiji moja la Ulaya ambako wakati huo wa mwaka lami hulainika kwa joto.

Mwezi Februari, baada ya mvua kuharibu barabara, greda la halmashauri lilipita. Lilisawazisha mashimo, likasukuma mawe yote mtaroni. Miaka ya nyuma jambo hilo lilipotokea, Barnaba alirudia kazi yake kwa gurudumu, siku mbili kwa miguu, akipiga magoti kila penye jiwe. Safari hii goti la kushoto lilikuwa limevimba, na pikipiki yake ilikuwa imetoka kutengenezwa Eldoret. Aliwasha pikipiki, akawa anasoma namba chini ya mshale wa mwendo, na kila kilomita ilipogeuka alisimama, akaweka jiwe. Asubuhi moja ilitosha. Alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, akamwambia mkewe kwamba Wizara ingekuwa na akili ingewapa wapimaji pikipiki tangu wakati wa Mzungu.

Aprili, baada ya mbio ndefu ya Jumamosi, kundi likiwa limekaa kwenye nyasi linakunywa chai, Salina alimjia akiwa bado anahema.

"Kocha, kilomita zimepungua."

"Zimepungua nini?"

"Zimekuwa fupi. Kutoka jiwe hadi jiwe. Miguu inaniambia bado, na jiwe limeshafika."

Barnaba aliangalia saa yake, iliyokuwa na muda bora kuliko wowote aliowahi kuuandika. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Salina, kilomita haipungui kama maziwa kwenye sufuria. Hii barabara niliipima kabla wewe hujavaa viatu vya mbio. Kama umepata nguvu, shukuru Mungu, usinitafutie makosa."

Watu walicheka. Kwambai, kijana mrefu aliyekuwa akimwongozea Salina mwendo, alicheka kuliko wote, na kuanzia siku hiyo kundi likapata msemo mpya. Ugali ukiwa mdogo, ni kilomita ya Salina. Mhubiri akimaliza mapema, ni kilomita ya Salina. Salina mwenyewe alicheka pamoja nao na hakurudia tena neno lile.

Muda uliendelea kuwa mzuri. Julai 17, katika mbio ndefu ya mwisho, Salina alimaliza mawe thelathini na nane kwa saa mbili na dakika kumi na moja. Jioni ile Barnaba alichukua karatasi ya mistari, akaandika mpango wa mbio ya dunia. Mwaka uliopita angemwandikia dakika tatu na sekunde thelathini na tatu kwa kila kilomita. Sasa aliandika tatu na ishirini na nne, akampelekea Salina. Sekunde tisa ni kitu kidogo ukizitaja mezani. Kwa mkimbiaji wa maratoni, kwenye joto, sekunde tisa zisizo zake katika kila kilomita zina maana ya kukaa kando ya barabara kwenye kilomita ya thelathini, taulo kichwani, watu wa msalaba mwekundu wakikushika mabega.

Jumanne, Julai 20, tairi la mbele la pikipiki lilipasuka karibu na soko la Iten. Fundi Kiptala alilifungua, akaligeuzageuza.

"Mzee, hii rimu uliitoa wapi?"

"Niliwekewa Eldoret mwezi wa kwanza. Ile ya zamani ilipinda."

"Walikufungia ya pikipiki ndogo. Tazama." Alilisimamisha kando ya gurudumu la pikipiki nyingine kama yake. La Barnaba lilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. "Itatembea tu, haina neno. Ila huo mshale usiuamini. Ukikuonyesha sitini, jua unaenda hamsini na saba."

"Na zile namba za kilomita?"

"Waya si ni huo huo, mzee? Mmoja akidanganya, mwenzake naye amedanganya." Fundi alicheka. "Kwani unataka kuiuza?"

Barnaba alilipa. Tairi lilikuwa zima, lakini aliisukuma pikipiki hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, bila kuipanda.

Alhamisi kundi lilikuwa na mazoezi ya kubadilisha mwendo, dakika moja mbio, dakika moja taratibu. Barnaba alipiga kipenga chake na hakusema lolote. Chai ilipomiminwa, Kwambai alikiinua kikombe chake akakichungulia. "Mama, hii umenipa kilomita ya Salina." Wakacheka. Salina alicheka kwa mdomo tu. Barnaba aliinama kufunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Siku hiyo mchana alikwenda kwa mwenzake wa zamani kazini, akachukua gurudumu lake alilokuwa amemwazimisha. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa kwenye jiwe la kwanza. Gurudumu la kupimia ni chombo cha kizee: duara la chuma, mpini, na kisanduku kidogo kinachotoa mlio kila mita moja. Kilimwambia mita mia tisa hamsini na saba. Huenda jiwe hilo moja lilisogezwa na ng'ombe. La pili likamwambia mia tisa hamsini na sita. La tatu, mia tisa hamsini na nane.

Mama Jerop, muuza chai wa njia panda, alimwona akipita.

"Mzee Cheserek, Serikali imekurudisha kazini?"

"Imenirudisha."

"Na goti lako?"

"Goti nalo limerudishwa."

Alicheka mama wa watu, akamwongezea sukari. Barnaba aliinywa chai ile akiwa amesimama. Uongo wa kwanza, ule wa mawe, ulikuwa wa miezi mitano, lakini ule hakuujua. Huu wa kwa Mama Jerop aliujua, na ulimtoka mdomoni bila kukwama popote.

Kufikia jiwe la kumi hakuwa na shaka tena. Aliendelea hadi la thelathini na nane, siku hiyo na Jumamosi, kwa sababu hakujua atakachofanya akifika nyumbani. Jumla ilikuwa upungufu wa mita elfu moja mia sita thelathini na nne. Aliiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, kama alivyozoea kazini.

Rimu haikumsumbua. Chuma hakina dhambi. Kilichomrudia njia nzima ni ile Jumamosi ya Aprili: mwanamke akihema, jasho likimdondoka kidevuni, akimwambia jambo ambalo mpimaji yeyote angelithibitisha kwa dakika kumi na tano na gurudumu moja. Hakuombwa zaidi ya hizo dakika kumi na tano. Badala yake aliwapa watu kicheko, na kicheko hicho kikadumu miezi mitatu.

Jumamosi jioni alimkuta mkewe, Teresia, akichambua sukuma wiki mlangoni.

"Baba Kandie, unasukuma nini siku mbili? Mama Jerop ananiuliza kama umeongezewa mshahara."

Alimwambia. Teresia aliendelea kuchambua hadi majani yakaisha.

"Umemweleza mwenyewe?"

"Nitabadilisha karatasi. Nitamwambia kule kuna joto, aanze taratibu. Itakuwa ni ile ile."

"Joto," alisema Teresia.

"Si uongo. Joto lipo."

"Na kesho tukimuaga, nani anampa kibuyu cha maziwa?"

"Si ni mimi?"

"Yale maziwa nimeyatunza wiki mbili, nimeyapaka mkaa kwa mikono yangu. Siyatoi nje ya nyumba hii yabebwe na mtu mwenye neno tumboni. Msafiri akinywea mkono wa hivyo anakwenda na nini? Tafuta mwingine ayabebe, ama useme." Aliinuka, akapangusa sketi. Macho yake yalipita juu ya redio. "Hiyo barua niishushe?"

"Iache."

"Nimeuliza tu."

Jumapili baada ya kanisa watu walikusanyika kwa kina Salina kumuaga. Wakimbiaji walikaa kwenye mabenchi ya shule yaliyoazimwa, wazee kwenye viti. Walikula nyama na ugali wa wimbi. Kwambai aliambiwa azungumze kwa niaba ya vijana, akasema amechoka kufukuzwa na Salina na anafurahi Wazungu nao watapata zamu. Kisha wakamwita Kocha atoe mursik, yale maziwa ya kibuyu.

Barnaba alisimama na kibuyu mikononi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, yenye utangulizi. Yalipotea yote.

"Kabla hajanywa," alisema, "mawe yangu ni mafupi. Kila kilomita imepungua mita arobaini na tatu. Niliyaweka kwa pikipiki badala ya gurudumu, na pikipiki ilikuwa na rimu ndogo. Salina aliniambia mwezi wa nne. Nikamtukana mbele yenu."

Kijana mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona uso wa Kwambai na kunyamaza.

"Umejua lini?" aliuliza Salina.

"Jumanne."

"Leo ni Jumapili."

"Ndiyo."

"Alhamisi nilikuwa pale unanipigia kipenga. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Salina aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile karatasi ya mistari. Aliifunua, akaisoma kama mara ya kwanza. "Hii tatu na ishirini na nne ingenimaliza."

"Ingekumaliza."

"Na ya kweli ni ngapi?"

"Tatu na thelathini na tatu."

"Basi nimefanya kazi bure?"

"Hapana," alisema Barnaba, haraka kuliko alivyotaka. "Kazi uliyofanya ni ile ile. Namba ndiyo haikuwa yako."

Salina aliikunja karatasi ikawa ndogo, akamrudishia. "Nitakimbia hiyo thelathini na tatu, Kocha. Lakini si kwa sababu umeniandikia. Ndiyo ambayo mwili uliniambia tangu Aprili, nikauambia nyamaza, Kocha amepima." Aliwageukia walio kwenye mabenchi. "Na nyinyi mtatafuta msemo mwingine."

"Tumesikia, dada," alisema Kwambai, akitazama chini.

Kisha Salina alinyoosha mikono, akakipokea kibuyu. Alikunywa kwa muda mrefu, mafunda makubwa, hadi rangi ya kijivu ikamwachia mstari juu ya mdomo. Barnaba alisubiri mbele yake mikono mitupu, kwa kuwa desturi haimruhusu mtoaji kuketi kabla kibuyu hakijarudishwa. Salina alikirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima yote, kama ambavyo angemrudishia mzee yeyote.

"Alhamisi," alisema kwa sauti ya chini, ili wasisikie wengine, "usinisindikize Nairobi. Sijakasirika. Nataka tu kusafiri bila kukuangalia."

"Sawa, mama."

Wakati wa kuondoka Kwambai alimfuata hadi getini. Alizungukazunguka kidogo, akapiga teke jiwe la njiani.

"Kocha, na muda wangu wa mwezi wa tano? Ule uliofanya nimpigie baba simu?"

"Ongeza dakika sita."

Kwambai alipiga mluzi mwembamba. "Nimeshawaambia watu wa kwetu wote."

"Mimi pia," alisema Barnaba.

Alhamisi gari la kumpeleka Salina lilipita mbele ya nyumba yake saa moja na robo asubuhi, likapiga honi mara moja. Barnaba alikuwa tayari barabarani na gurudumu na ndoo ya chokaa. Jumamosi kundi litakimbia kilomita thelathini na nane, na jiwe la mwisho litakuwa mita elfu moja mia sita thelathini na nne mbele ya pale lilipokuwa.